Na Yule Aliyeko Nje

Mtaani walimwita Mama Popo, ingawa hakuwa na mtoto wala hakufuga popo. Jina lilizuka siku jirani alipomuuliza anafanya kazi gani hasa huko chuo kikuu, naye badala ya kusema "maabara" na kuishia hapo, akamwaga ukweli wote: anachunguza popo. Tangu siku hiyo yule jirani, mwanamke mwoga kama kunguru, hajaazima tena sufuria kutoka nyumba ile. Watoto wa njiani nao walizoea kulikodolea macho begi lake kila jioni, wakingoja litikisike. Yeye alikuwa akicheka tu, na siku nyingine, akiwa na furaha zake, alilitikisa makusudi ili wakimbie.

Popo wenyewe hawakufika nyumbani hata mara moja, na hata kazini hawakufika wazima. Walikuja kama viduara vya ngozi ya bawa, vidogo kuliko dengu, kila kimoja ndani ya kichupa chenye spiriti. Waliovikata walikuwa watu wa porini wenye nyavu. Popo mwenyewe aliachiwa akaenda zake, na tundu likaziba. Kazi ya Mama Popo ilikuwa kukiyeyusha kile kiduara, kukisafisha na kukisafisha tena, mpaka kibaki kile kitu kisichoonekana kwa macho ambacho ndicho kinachomfanya popo awe popo, asiwe panya.

Hapa inabidi nieleze kidogo, na anayesinzia akisikia sayansi ajikaze kisabuni, maana bila haya hutamwelewa huyu mwanamke wala alichomfanyia mama yake. Ndani ya kila chembe ya mwili, wa popo au wako wewe, kuna andiko refu ajabu la DNA. Ungetegemea liwe limejaa maagizo ya maana peke yake: tengeneza jicho, tengeneza ini. Siyo. Sehemu kubwa, kwa binadamu karibu nusu nzima, ni vipande vinavyojirudia. Kipande kinajinakili, nakala inajibandika mahali pengine, mtoto anairithi, mjukuu anairithi. Miaka ikienda, na hapa ni mamilioni ya miaka, nakala zinachakaa. Herufi hii inabadilika, ile inadondoka. Kuna wakati wataalamu waliziita takataka. Mama Popo hakulipenda neno hilo. Alikuwa akisema kuwa huwezi kuita kitu takataka kwa sababu tu hujui kilikujaje nyumbani kwako.

Takataka hizo ndizo zilizomlisha. Ukizipanga nakala zilizochakaa moja chini ya nyingine, kila herufi chini ya mwenzake, unaona wazi ipi imekosewa na nani, na ukifuata walio wengi unalipata andiko la mwanzo ambalo hakuna kiumbe hai anayelibeba tena likiwa zima. Ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa akimsimulia mama yake wakati wa kumwosha miguu: kwamba pimbi, yule mdogo wa kwenye mawe, amebeba vipande vya ukoo mmoja na vya tembo, ambavyo simba hana na ng'ombe hana. "Kwa hiyo, mama, pimbi akimwona tembo anatakiwa amwamkie." Mama yake alicheka kila mara, hata baada ya kuacha kuelewa kinachochekesha.

Mama huyu alikuwa dobi wa hospitali maisha yake yote ya kazi. Shuka zilizopita mikononi mwake zingetosha kutandika mji mzima. Sasa uzee ulikuwa ukimwondolea maneno, moja moja, kama mtu anayeanua nguo kambani bila haraka. Lakini mikono ilikumbuka. Alikunja gazeti, alikunja taulo, alikunja pindo la sketi ya binti yake aliyekaa naye kwenye kochi, pembe kwa pembe, akalilainisha kwa kiganja. Mchana alishinda na binti yake mwingine, aliyekuwa fundi cherehani na aliyeihamishia mashine yake sebuleni pale kwa ajili hiyo. Jioni Mama Popo akirudi, fundi cherehani alifunika mashine na kwenda kwake.

Shida ilikuwa jioni. Jua likianza kuzama mama alinyanyuka, akaufungua mlango wa mbele, akasimama kizingitini akijisugua mikono. "Kuna baridi," alisema, hata siku ambazo joto lilikuwa la kuyeyusha mishumaa. Kisha alianza kuimba ule wimbo aliowalazia watoto wake wote, wimbo wa kujitungia mwenyewe ambao haukuwahi kusikika nyumba nyingine yoyote:

"Lala, jua limelala,
lala, njia imelala,
kuku wamekunja mbawa..."

Hapo alikwama. "Halafu?" alimuuliza binti yake.

"Halafu uje ulale, mama."

"Siyo. Halafu?"

Alimtazama hivyo, mdomo wazi, macho yamemtoka, kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Mama Popo alimshika mabega na kumwingiza ndani, naye alirudi mlangoni. Ilikuwa hivyo jioni baada ya jioni, mpaka uchovu umlaze.

Siku moja Mama Popo alikwenda jikoni kuinjika chai, aliporudi mlango ulikuwa wazi na kizingitini hakuna mtu. Alikimbia barabarani bila viatu. Mlinzi wa kituo cha mafuta ndiye aliyemrudisha mama, akimwongoza taratibu kwa kiwiko, na mikononi mama alikuwa ameshika shuka, ameikunja vizuri. Alikuwa ameivuka barabara kubwa yenye malori. "Nilimuuliza anakwenda wapi," mlinzi alisema, "akaniambia anapeleka hii."

Habari za hivyo hazifichiki. Siku ya mapumziko kaka mkubwa, dereva wa lori, alifika na kufuli jipya ndani ya karatasi, na wengine wawili wakaitwa: fundi cherehani, na kitinda mimba, aliyekuwa kinyozi na ambaye nywele zake zilikuwa kichaka, maana kinyozi hajinyoi. Mama alikaa katikati yao akikunja ile karatasi ya kufuli.

"La nini hilo, kaka?" Mama Popo aliuliza, ingawa alijua.

"La mlango. Jua likizama unafunga, ufunguo unakaa mfukoni mwako."

"Mama hafungiwi kama mbuzi."

"Hakuna aliyesema mbuzi."

"Huyu ndiye aliyekuwa akitufungulia mlango huuhuu tukichelewa. Hata wewe, kaka, ulivyokuwa ukirudi usiku na harufu zako za ajabu. Leo sisi tumfungie?"

Kinyozi alicheka, akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajifanya anakohoa. Kaka mkubwa aliliweka kufuli mezani. Alikuwa mtu wa mwili, wa sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto, lakini alipojibu sauti ilikuwa ndogo. "Mdogo wangu, wewe hujaona mtu aliyegongwa na lori. Mimi nimeona. Nikishika usukani jioni, kila bibi kizee ninayemwona kando ya barabara ni yeye."

Walikubaliana hivi: kesho yake kaka angeondoka na mzigo, akirudi, kama mama bado anatoka, kufuli lingefungwa na maneno yaishe.

Baada ya wao kuondoka Mama Popo alikaa ameshika tama. Alikumbuka kitu ambacho kila mtoto wa nyumba ile alikijua bila kukifikiria: zamani mama alikuwa akiuimba ule wimbo akizunguka nyumbani, akafika mlangoni na mstari wa mwisho, "mlango nimeufunga," na hapohapo akaufunga. Labda basi mama hakuwa akitafuta kutoka. Labda alikuwa ameukwamia wimbo, na hawezi kuufunga mlango mpaka wimbo uishe. Ni wazo la mtu aliyechoka, lakini ndilo alilokuwa nalo. Alichotakiwa kufanya ni kumpatia mama wimbo wake mzima, na kupata kitu kizima kutoka kwa vipande vilivyochakaa si ndiyo kazi iliyokuwa ikimpa ugali, akajiambia, au kwa nini anaamka asubuhi?

Aliukumbuka wa kwake, lakini nakala moja haimtoshi mtu wa kazi ile, kwa hiyo alianza na kaka, kwa simu, injini ikinguruma upande wa pili.

"Unataka niimbe? Sasa hivi? Nina tingo hapa ananisikiliza."

"Mwambie azibe masikio."

Aliimba. Jua limelala, njia imelala, kuku wamekunja mbawa, mlango nimeufunga. Mistari minne, basi. Fundi cherehani aliimba akiwa na pini mdomoni, na kwake ilikuwa nyumba imelala badala ya njia, na badala ya kuku alikuwa paka aliyekunja mkia. Kinyozi aliimba kwa kujiamini mbele ya wateja watatu kwamba kuku amevunja kikombe.

"Kuku anavunjaje kikombe?" Mama Popo aliuliza.

"Nitajuaje mimi? Kila siku nilikuwa namhurumia. Nilidhani ndiyo maana halali."

Lakini kinyozi aliimba pia mistari miwili ambayo wakubwa hawakuiimba, na Mama Popo aliijua vizuri kwa sababu hata yeye alilazwa nayo. Ilikaa kati ya kuku na mlango:

"na yule aliyeko nje
nimemfunika shuka."

"Huyo aliyeko nje ni nani?" alimuuliza kinyozi.

"Si yule mbwa wa jirani?"

Yeye tangu utotoni alidhani ni mbuzi. Alipomuuliza dada yake, yule fundi alitoa pini mdomoni. "Mistari hiyo mmeitoa wapi nyinyi? Mimi nililazwa kwa wimbo huo kabla hujazaliwa. Hamna mtu nje. Nje kuna nini?" Kaka naye alisema hivyohivyo.

Basi alifanya kama afanyavyo mezani kwake. Alizipanga nakala nne moja chini ya nyingine. Njia ilishinda nyumba, kuku walimshinda paka, na kikombe kilibaki peke yake na aibu zake. Ile mistari miwili ilimkwamisha kidogo, mbili kwa mbili, lakini si kwa muda mrefu. Wakubwa walikuwa karibu zaidi na mwanzo. Wimbo wa mwanzo haukuwa nayo. Kitu kilichoingia baadaye, ukitafuta andiko la asili, unakiondoa. Ni kanuni ya kwanza anayofundishwa kila anayeanza kazi ile, naye alikwisha kuwafundisha wengine wengi. Akaiondoa, ingawa ilikuwa yake mwenyewe ya utotoni, na alijiona mtu mwenye haki kwa kufanya hivyo.

Jioni ile Mama Popo alisimama mlangoni pamoja na mama yake, akaimba. Mama alishtuka kwa furaha. Midomo yake ilifuata: jua, njia, kuku. Alimshika binti yake mkono akaubana, kama mtu anayevushwa. Kisha binti akaimba, "mlango nimeufunga," na kuushika mlango.

Mama aliuachia mkono wake. "Siyo," mama alisema.

"Ndiyo huo, mama. Hata kaka anasema ndiyo huo."

"Siyo huo. Siyo." Akaanza kulia, kilio cha mtoto, machozi bila kujifuta, na binti alipotaka kumkumbatia, mama akamsukuma. Hakuwahi kumsukuma mtoto wake maishani. Mama Popo alimwacha pale kizingitini, akasimama hatua mbili nyuma yake akimlinda mpaka giza lilipoingia, na yeye pia akilia, kwa sababu alikuwa ameishiwa ujanja na kaka alikuwa njiani akirudi.

Kazini hakusema kitu. Lakini Profesa wake, mwanamke mrefu mwenye kutafuta miwani kila saa ikiwa kichwani kwake, hakuwa kipofu. Alimletea chai mezani, jambo ambalo si la kawaida kwa maprofesa. Asubuhi ile walikuwa na picha ya kuitazama. Ukitaka kujua kama kipande fulani kimeingia mahali fulani kwenye DNA ya mnyama, unalinakili eneo hilo peke yake, unalipitisha kwenye utelezi wa jeli kwa umeme, kisha unapiga picha. Penye kipande, eneo ni refu, linakwenda polepole, mstari unabaki juu. Pasipo kipande, ni fupi, linakimbia, mstari unashuka chini. Ni hivyo tu. Siku hiyo walikuwa na popo wa aina nne, wamepangwa kutoka kushoto.

Chini. Chini. Juu. Juu.

"Safi kabisa," Profesa alisema, akipapasa mfukoni kutafuta miwani. "Hawa wawili walijitenga na ukoo kabla. Hawa wawili, baada. Kwa hiyo kimeingia hapa katikati. Kuna kitu kilitokea hapa." Akaweka kidole juu ya picha, kwenye nafasi tupu kati ya popo wa pili na wa tatu.

Mama Popo alikitazama kile kidole. Kaka, hana. Dada, hana. Mimi, ninayo. Kitinda mimba, anayo. Picha za namna hii alikuwa ameziona mamia, na angemcheka mwanafunzi ambaye angesema kipande kile ni makosa kwa sababu tu popo wawili hawana. Hakuna aliyekosea. Wakubwa walilazwa na wimbo uliokuwapo, wadogo walilazwa na wimbo uliokuwapo. Wimbo ndio uliobadilika, na aliyeubadilisha ni mama, kwa makusudi, baada ya dada kuacha kubembelezwa na kabla yeye hajazaliwa. Na kati ya dada na yeye, sasa ndiyo kwanza aliliona, kulikuwa na pengo la miaka mingi kuliko watoto wengine wote.

"Unaumwa?" Profesa aliuliza.

"Hapana. Naomba ruhusa nitoke."

"Nenda. Miwani yangu hujaiona?"

"Iko kichwani, Profesa."

Alikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo, ndugu pekee wa mama aliyebaki, aliyekaa chumba cha juu ya duka la vipuri. Mama mdogo alikuwa bado anapaka nywele rangi nyeusi na hakuwa na muda wa kuonewa huruma na mtu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mikono mitupu, kama kawaida yenu wasomi. Kaa. Usikalie redio."

Alikaa. Hakujua aanzie wapi, kwa hiyo aliimba ile mistari miwili.

Mama mdogo aliunyoosha mkono na kuizima redio. Kwa muda alishughulika na kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kasoro yoyote. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, ni picha ya popo iliyonifumbua macho. Kaka na dada hawaijui. Mimi na mdogo wangu tunaijua. Mama mdogo, kati ya dada na mimi kulikuwa na nini?"

"Kulikuwa na mtoto," mama mdogo alisema. "Wa kiume. Alizaliwa mdogo, akawa anakohoa. Mvua zilipoisha na yeye hakuwepo. Kaka yako na dada yako niliwachukua mimi, wakakaa kwangu mpaka mambo yakatulia. Baba yenu, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya, lakini alisema asitajwe tena, watoto watasahau. Na kweli wakasahau. Mama yenu ndiye hakuulizwa kama anataka kusahau."

Mama Popo alisogea karibu naye.

"Siku tunamzika kulinyesha. Mama yenu aliivua shuka kitandani kwake akamfunika nayo, watu wanamwambia haifai, yeye hasikii. Halafu ikawa kila jioni anasimama mlangoni. 'Kuna baridi,' anasema. Anataka kumpelekea nguo. Mimi nikawaambia watu, dada yangu amekwisha. Kisha ukazaliwa wewe. Siku ya kwanza nakuja kukuona namkuta anakuimbia, na ule wimbo umeongezeka. Aliponiona nimeusikia, alinitazama tu. Nami sikuuliza." Alijifuta macho kwa hasira, kama mtu aliyeingiwa na vumbi. "Mtoto anajua hayo yote kwa popo! Haya, nenda, jua linazama."

Lori lilikuwa limeegeshwa mbele ya nyumba alipofika. Kaka alikuwa amepiga magoti mlangoni na bisibisi mkononi. Pete za kufuli zilikwisha kufungwa, moja kwenye fremu na moja kwenye ubao. Fundi cherehani alikuwa bado hajaondoka, na kinyozi alikuja na taulo la kazi begani. Wote walikuwa na nyuso za watu wanaofanya jambo la lazima.

"Kaka, nipe jioni hii moja tu."

"Tulikubaliana, mdogo wangu."

"Tulikubaliana. Na sitakuomba tena."

Kaka alimtazama, akasogea pembeni na kukaa chini, mgongo ukutani, kufuli pajani. Hapo mama alikuwa amekwisha kunyanyuka kwenye kochi. Alipita katikati ya watoto wake bila kuwaona, shuka iliyokunjwa kifuani, akafungua mlango na kusimama. "Kuna baridi," alisema.

Mara hii Mama Popo hakumvuta. Alisimama naye kizingitini, bega kwa bega, wote wawili wakitazama nje kunakoingia giza. Aliimba.

"Lala, jua limelala,
lala, njia imelala,
kuku wamekunja mbawa..."

Mama alimgeukia. "Halafu?"

"Na yule aliyeko nje..."

Mama hakungoja. "Nimemfunika shuka," aliimba, kwa sauti nyembamba ya zamani, ileile, bila kukosea hata silabi. Akaitazama ile shuka mikononi mwake, kisha nje, kisha binti yake. "Amefunikwa?"

"Amefunikwa, mama."

"Wewe umeona?"

"Mama mdogo aliona. Ameniambia leo. Ulimfunika wewe mwenyewe, vizuri."

Mama alitikisa kichwa polepole kukubali, kama dobi aliyehesabu mzigo ukatimia. Alimpa binti yake ile shuka. "Mlango nimeufunga," aliimba, akaushika mlango kwa mikono miwili, akaufunga. Kisha alikwenda zake chumbani, akapanda kitandani na nguo zake, akalala kwa ubavu.

Sebuleni Mama Popo aliwasimulia kwa sauti ya chini, kama alivyosimuliwa. Fundi cherehani alijiziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akishona. Kinyozi, ambaye kwa maisha yake yote alikuwa amemwimba kaka yake akidhani ni mbwa, alilia waziwazi ndani ya taulo la kazi na kutoka na vinywele vya watu usoni. Kaka mkubwa alikaa vilevile sakafuni.

"Nilimbeba," alisema mwishowe. "Nakumbuka uzito. Miaka yote hii nilidhani niliota." Aliligeuza kufuli pajani, akaanza kufungua skrubu za pete moja moja, bila haraka. Alipomaliza alisema, bila kuinua macho, "Nifundishe hiyo mistari."

Kwa popo hutokea mara chache kipande kikaruka kutoka kiumbe kimoja hadi kingine bila kupitia tumboni mwa mama yeyote, kikaingia na kukaa kana kwamba kilikuwapo siku zote. Wataalamu bado wanabishana kinarukaje. Mama Popo alikaa sakafuni karibu na kaka yake na kumwimbia mara moja, halafu akamwachia aimbe mwenyewe. Dereva alisafisha koo. Sauti yake haikuumbwa kwa kazi hiyo, na alikuwa amekwisha kuvurugikiwa na machozi.

"Na yule aliyeko nje," aliimba, "nimemfunika blanketi."

Kutoka chumbani, kwenye giza, walisikia mama akigeuka kitandani.

"Ni shuka, mwanangu," alisema. "Blanketi hatukuwa nalo."